Daftari Lililofutika Wino: Uchambuzi wa Kisa cha Hofu ya Vijidudu na Usafi wa Kulazimika

Kuhusu kisa hiki

Mhusika nitamwita Mama Nasra. Jina, umri, mtaa, shule na mambo kadhaa ya familia yamebadilishwa ili asitambulike, na yeye mwenyewe ameridhia kisa kitumike kufundishia. Nimewaandikia wauguzi, washauri nasaha, maofisa ustawi wa jamii na matabibu, hasa wale wa zahanati na kliniki za kawaida, ambao wagonjwa wa mawazo yanayojirudia na matendo ya kulazimika (OCD) hupita mikononi mwao wakiwa na malalamiko mengine kabisa.

Hoja yangu naisema mapema. Kilichomtesa Mama Nasra ni kutaka uhakika wa asilimia mia kwamba hakuna kijidudu kilichobaki, na kila aliyempenda alijitahidi kumpatia uhakika huo. Ugonjwa ulinenepea hapo.

Alikotoka

Ni mwalimu wa shule ya msingi, miaka thelathini na kitu, mume wake fundi magari, wana watoto wawili. Wamepanga vyumba viwili upande wa Temeke kwenye nyumba ya wapangaji wengi: uani bomba moja, choo kimoja, bafu moja, na bili ya maji ya kuchangia. Bomba hilo ndilo lililokuja kumuumbua.

Kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam Agosti 2015, alikuwa na mimba ya Nasra. Alichemsha maji ya kunywa, akaosha matunda, akanawa kwa sabuni, sawasawa na majirani zake. Mlipuko ulipotulia majirani wakalegeza. Yeye hakulegeza, na alipojifungua mambo yakazidi. Alianza kujiwa na picha asizozitaka: kichanga anaharisha, macho yanadidimia, anakufa mikononi mwake kwa sababu ya kitu alichokigusa yeye. Hakumwambia mtu. Kipindi cha ujauzito na baada ya kujifungua kinajulikana kuwa ni wakati ambao ugonjwa huu huweza kuanza au kupamba moto, na mama mwenye picha kama hizo huogopa kwamba akizisema ataonekana hafai kulea.

Ikaja 2020 na korona. Ndoo za maji tiririka kila mlango, vitakasa mikono kila duka. Aliniambia kuwa mwaka ule ndio alioishi kwa amani kidogo, maana mji mzima ulikuwa unafanya kama yeye. Ndoo zilipoondolewa, ya kwake ilibaki.

Muda wote huo alikuwa anasifiwa. Wifi zake walimtolea mfano: mwanamke msafi, watoto wake hawana mafua, nguo zake zinang'aa. Nani angemwambia mtu wa sifa hizo kwamba anaumwa?

Siku yake ilivyokuwa

Alikuwa anaamka saa tisa usiku ili awahi bomba kabla ya foleni. Kwanza analisugua bomba lenyewe kwa jiki. Halafu ndoo. Halafu mikono, kwa sababu imegusa ndoo kabla haijawa safi. Halafu ndoo tena, kwa sababu kabla ya kunawa mkono ulikuwa umeigusa. Akikosea hesabu anaanza upya. Wakati mwingine azana ya alfajiri ilimkuta bado yuko uani na ndoo ya kwanza.

Baba Nasra akirudi gereji anavua nguo kando ya choo, gizani, anaoga ndipo anaingia ndani. Simu yake inapanguswa. Anahojiwa: umepanda daladala gani, umekaa na nani, aliyekohoa alikuwa upande upi? Noti zinaanikwa, sarafu zinalowekwa. Baadaye Mama Nasra akahamia kulipa kila kitu kwa simu, na watu wakamwona mtu wa kisasa. Watoto hawakuruhusiwa kucheza uani na wenzao. Bibi yao alipokuja kutoka Tanga hakuruhusiwa kumpakata mjukuu mpaka abadilishe nguo, naye akaondoka kesho yake, kimyakimya.

Misiba aliacha kwenda, akawa anatuma rambirambi kwa simu. Watu wa Dar watakusamehe mengi, lakini kutoonekana msibani watakukumbusha.

Shuleni palipoharibika ni kwenye madaftari. Alikuwa anayabeba nyumbani kusahihisha, na kabla ya kuligusa kila moja analipangusa jalada kwa kitambaa cha jiki. Siku zikapita, jalada halikutosha, akaanza kupangusa na kurasa za ndani. Mzazi mmoja alikwenda kwa mwalimu mkuu na daftari la Sayansi la mwanawe. Karatasi ilikuwa imekunjamana na kukauka, wino wa bluu umefifia ukaacha michirizi ya njano, na juu ya majibu yasiyosomeka kulikuwa na alama nyekundu za vema. Mama Nasra alikuwa amesahihisha kwa kukumbuka alichokisoma kabla ya kupangusa.

Kisha likatokea la choo. Usiku mmoja alimwaga jiki, akaona haitoshi, akaongeza dawa ya choo yenye asidi. Vitu hivyo viwili vikichanganyika hutoa gesi ya klorini. Alitoka akikohoa, macho yakiwaka, na mtoto wa mpangaji wa chumba jirani naye akaanza kukohoa. Asubuhi wapangaji wakakaa kikao. Likaibuka la gesi, likaibuka na la bili ya maji, ambayo kwa miezi kadhaa ilikuwa inapanda bila mtu kujua kwa nini. Mwenye nyumba akampa mume notisi.

Alivyofika kliniki

Njia yake ilikuwa ndefu. Alisomewa kisomo na kunyweshwa kombe, kwa kuwa wazee wa upande wa mume waliona ni jini. Duka la dawa lilimpa diazepamu za kumlaza. Mshauri mmoja alimfundisha kuvuta pumzi taratibu, na kila alipouliza akamhakikishia kwamba hataugua. Alitoka pale ametulia, na kabla ya jioni alikuwa ameshataka kuhakikishiwa tena.

Na alikwenda kliniki ya ngozi, mara kadhaa. Mikono yake ilikuwa imepasuka kwenye viungo vya vidole, inatoa damu, ngozi ya kiganja imekuwa kama karatasi ya msasa. Alipewa krimu ya mzio. Krimu ilimfaa kwa siku chache tu, kwa sababu alikuwa anaiosha: mafuta, alisema, yanashika vumbi.

Muuguzi wa kliniki hiyo ndiye aliyebadilisha mambo. Alimuuliza, "Mwalimu, kwa siku unanawa mara ngapi? Na ukishanawa, unajuaje kwamba umemaliza?" Swali la kwanza Mama Nasra alikuwa na jibu lake tayari, la uongo. La pili lilimliza. Akaletwa kwetu siku hiyohiyo.

Tathmini

Picha ilikuwa ya ugonjwa wa mawazo yanayojirudia na matendo ya kulazimika, ambao wengi hospitalini tunauita OCD tu. Wazo linaingia bila kualikwa, linaleta hofu kali. Mtu anafanya tendo la kuiondoa hofu. Hofu inashuka kwa muda. Ubongo unajifunza kwamba bila tendo lile isingeshuka. Safari ijayo wazo linarudi na nguvu zaidi. Vigezo vinavyotumika sana huhitaji mambo haya yamle mtu zaidi ya saa moja kwa siku au yamharibie maisha. Kwake saa hiyo ilikuwa inaisha kabla hajafika kwenye ndoo ya pili.

Tulitumia kipimo cha Yale-Brown, kinachopima ukali wa OCD, kilichochapishwa 1989: maswali 10, alama 0 hadi 40. Alama zake ziliangukia kundi la hali kali, la 24 hadi 31. Tuliangalia pia kama ana saikosisi, yaani kupoteza mguso na uhalisia. Hakuwa nayo. Hakuamini kwamba kuna mtu anamwekea vijidudu, na alijua mawazo ni yake na kwamba yamepita kiasi. "Najua ni upuuzi, dokta," alisema, "lakini je, kama leo siyo upuuzi?" Sentensi hiyo inaueleza ugonjwa kuliko vitabu vingi. Alikuwa na dalili za sonona pia, jambo la kawaida kwa hali hii. Tulimuuliza waziwazi kuhusu kutaka kufa. Alikuwa amechoka, ila hakuwa na mpango wowote.

Kuhusu jini hatukubishana na wazee. Tulisema kisomo kiendelee kama familia inakitaka, kwa masharti mawili: dawa zisikatishwe, na mtu yeyote asimpe agizo jipya la kuoga au kujisafisha.

Maamuzi, na kwa nini

Tuliamua kuunganisha dawa na tiba ya kukabili na kujizuia, ambayo mizizi yake iko London, pale mwanasaikolojia Victor Meyer mwaka 1966 alipoeleza wagonjwa wawili waliopata nafuu baada ya kukabilishwa na wanavyoviogopa huku wakizuiwa kufanya matendo yao. Leo hatumzuii mtu kwa nguvu. Anajizuia mwenyewe, kwa hatua alizokubali.

Dawa iliyochaguliwa ilikuwa fluoksetini, ambayo hutumika pia kutibu sonona, miligramu 20, ikapandishwa taratibu hadi 60. Tulimweleza mambo mawili ambayo wagonjwa wengi hawaambiwi, kisha wanaacha dawa: OCD mara nyingi huhitaji dozi kubwa kuliko sonona, na huwezi kuihukumu dawa kabla ya wiki 8 hadi 12. Diazepamu zilipunguzwa kidogokidogo. Zinalaza, lakini haziutibu ugonjwa huu, na mtu aliyezimwa hofu kwa kidonge hapati nafasi ya kujifunza kwamba hofu hushuka yenyewe.

Uamuzi mgumu ulikuwa kiwango cha usafi. Huwezi kumwambia mtu wa Dar es Salaam, anayeshea choo na kaya nyingine, katika mji uliowahi kupata kipindupindu, kwamba kunawa si muhimu. Tungekuwa tunapingana na ushauri sahihi wa afya ya jamii, naye angetushinda kwa hoja. Badala ya kumpangia kiwango kutoka kichwani, tulimwomba amchague mpangaji mmoja palepale uani anayemheshimu, ambaye watoto wake ni wazima, na amwangalie kwa wiki moja bila kumwambia. Akamchagua mama muuza maandazi. Akarudi na taarifa, ameiandika kwa mwandiko wa kiualimu: ananawa akitoka chooni, kabla ya kukanda unga, kabla ya kula, baada ya kushika samaki mbichi. Mara moja kwa sabuni, anasuuza, anajifuta kwenye khanga. Bomba haoshi. Hiyo ikawa kanuni: nawa anaponawa mama maandazi, na ukimaliza umemaliza.

Kisha tukapanga ngazi, kuanzia jambo la hofu ndogo hadi kubwa. Kitasa cha mlango wa nyumbani. Daftari lisilopanguswa. Pesa. Bomba la kushikia ndani ya daladala. Choo cha uani, kunawa mara moja tu. Juu kabisa aliandika mwenyewe: kula sinia moja na watu msibani.

Siku ya pesa nilimpa sarafu ya shilingi 500 niliyorudishiwa na konda asubuhi ile. Aliishika kwa ncha za vidole viwili. Hofu ni ngapi kwa kumi? "Tisa." Tukakaa. Akaniuliza, "Dokta, wewe unavyojua, sarafu inaweza kuambukiza?" Sikumjibu, maana jibu langu lingefanya kazi ileile ya sabuni. Alinikasirikia, akacheka kwa hasira, akaendelea kuishika. Baada ya kama nusu saa vidole vilikuwa vimelegea na sarafu imelala kiganjani, akasema nne. Alitaka kuiweka mfuko wa pembeni wa pochi, ule usiotumika. Nikamwomba aiweke pamoja na simu. Hapo ikapanda tena hadi saba, na akaondoka nayo hivyohivyo.

Nyumbani

Baba Nasra alitoka kwenye kikao cha kwanza ameelewa neno moja, kujizuia, akalitekeleza yeye. Alificha jiki, akafunga ndoo stoo, akamwambia mkewe kuanzia leo mambo yale basi. Usiku huohuo Mama Nasra aliondoka na watoto kwenda kwa dada yake Mbagala, na nusura atuache. Nia ya mume ilikuwa njema, lakini hatua asiyoikubali mgonjwa humfundisha kitu kimoja tu: kwamba watu wa nyumbani si salama.

Tuliwaita wote wawili. Kazi ya mume ikabadilika. Aache kuvulia nguo chooni, lakini kwa tarehe waliyoipanga pamoja. Aache kujibu maswali ya uhakika, lakini kwa maneno waliyoyachagua pamoja. Mwanzo alikuwa akijibu kwa ukali, "Nimeshakwambia!", jambo ambalo nalo ni jibu. Wakakubaliana aseme: "Mama Nasra, hilo tulisema sijibu. Njoo tukae." Na kweli akae naye, mpaka hofu ishuke. Alikiri kwamba kukaa kulimchosha kuliko kujibu.

Vikao viwili vitatu vilihamia nyumbani kwao, uani, kwenye bomba lenyewe. Kule kliniki alikuwa anapanda ngazi bila shida; nyumbani alikwama. Sababu tuliiona tulipofika: kliniki aliichukulia kuwa chini ya wajibu wetu. Kama mtu angeugua kwa kitu kilichoguswa ofisini kwangu, lawama ni yangu. Bomba la uani ni lake.

Udhu, na simu za sheikh

Hofu ya vijidudu ilipoanza kulegea, ikatokea nyingine. Alianza kurudia udhu, ule wa kujitoharisha kabla ya swala, kwa shaka kwamba maji hayakufika kiwikoni au kwamba tone la najisi limemrukia. Wenzangu wasio Waislamu wanaweza kukutana na hali kama hii kwa sura nyingine, kwenye toba au sala.

Kwa ridhaa yake tulizungumza na sheikh wa msikiti wao. Alieleza vizuri: viungo huoshwa hadi mara tatu, kuzidisha ni makuruhu, yaani jambo lisilopendeza, na shaka inayomjia mtu baada ya kumaliza haitazamwi, kwa sababu yakini haiondolewi na shaka. Mama Nasra alifurahi sana. Wiki iliyofuata akaanza kumpigia sheikh kila siku, kisha kila swala: leo ilikuwa hivi, je, udhu wangu umesihi? Sheikh, kwa upole wake, alikuwa anajibu.

Fatwa ilikuwa sahihi, na kila ilipotolewa upya ilikuwa inamlisha. Tulikaa na sheikh tena. Akakubali jambo ambalo kwa kiongozi wa dini si jepesi: kutojibu. Alimwambia, jibu nimeshakupa, na mtu mwenye hali yako dawa yake ni kuendelea na swala akiwa na shaka yake. Simu zilipungua ndani ya wiki chache.

Matokeo

Baada ya miezi kadhaa alama za Yale-Brown zilishuka hadi kundi la hali nyepesi, la 8 hadi 15. Analala mpaka alfajiri. Madaftari anasahihisha shuleni, mezani, hayabebi. Mikono imepona. Mwenye nyumba aliiondoa notisi baada ya mume kukubali kuchangia zaidi bili ya miezi ile. Shangazi wa mumewe alipofariki, Mama Nasra alikwenda, akakaa mkekani, akala pilau sinia moja na wanawake watatu. Alinawa kabla, kama wengine, kwa maji ya kumiminiwa na birika.

Hajapona kila kitu. Samaki mbichi bado anamshika kwa glavu. Pesa taslimu anaigusa pale asipokuwa na njia nyingine. Na gari la matangazo lilipopita mtaani likitahadharisha kuhusu kipindupindu, alirudi kusugua bomba. Hilo tulilitarajia na alikuwa na karatasi yake: fuata ushauri wa serikali kama ulivyotolewa, neno kwa neno, usiongeze hatua hata moja. Ilimchukua muda, lakini alirudi mwenyewe kwenye kanuni kabla hatujampigia.

Uchambuzi

Swali la muuguzi wa ngozi ndilo lililookoa muda kuliko kitu kingine chochote kwenye kisa hiki. Idadi ya kunawa mtu huificha. Namna anavyojua amemaliza haifichiki, kwa sababu mtu asiye na ugonjwa hushangaa kuulizwa, na mwenye ugonjwa anajua kabisa umegusa wapi. Mikono iliyopasuka inayorudi kliniki mara ya pili na ya tatu inastahili swali hilo kabla ya krimu nyingine.

Kumtumia jirani kama kipimo kulifanya kazi kuliko nilivyotarajia. Kulitutoa kwenye ubishi wa kisayansi ambao mgonjwa msomi huushinda daima, na kukampa kiwango kinachotoka kwenye mazingira yaleyale anayoyaogopa: bomba lile, choo kile, watoto wale wanaocheza mchanga ule. Sidhani kingefaa kwa mtu anayeishi peke yake kwenye nyumba yenye geti. Huko kipimo kingetafutwa kwa ndugu au kazini.

Kilichofeli kwa njia tatu tofauti ni kitu kimoja. Mshauri wa pumzi, mume aliyejibu maswali, sheikh aliyepokea simu: wote walimpa nafuu ya dakika chache, na wote walikuwa watu wema. Hata mume alipogeuka mkali alikuwa bado anashika usukani wa hofu ya mkewe. Ukimfuata mgonjwa wa OCD, usihesabu sabuni peke yake. Uliza pia anamuuliza nani, mara ngapi, na huyo hujibu nini. Uhakika ukizibwa mlango mmoja hutafuta mwingine, na kwa Mama Nasra ulihama kutoka kwenye bomba hadi kwenye simu bila sisi kuona mara moja.

Vikao vya kliniki peke yake visingetosha. Najua foleni zetu, na najua hakuna nauli ya kwenda uani kwa kila mgonjwa. Simu ya video inaweza kusaidia, mume akishika kamera. Lakini tendo la kulazimika lina makazi yake, na kwa watu wengi ni bafuni, jikoni na mlangoni kwao.

Jambo moja halijafungwa. Nasra, ambaye sasa anasoma darasa la nne, ameanza kumuuliza mama yake kama mikono yake ni safi, wakati mwingine mara mbili kabla ya kula. Inaweza kuwa ni kuiga tu. Kaishi miaka yake yote ndani ya kanuni zile. Hatujampa jina la ugonjwa wala kumwita kliniki. Mama yake anamjibu mara moja, ya pili hajibu, na mwalimu wake wa darasa ameombwa aangalie kama anaomba kwenda kunawa kuliko wenzake. Tutaliangalia tena shule zikifunga.